Wasomaji Wanauliza: Vijiji na Miji Midogo ya Kale ya Uingereza

Katika toleo lililopita tuligusia kwa aya moja tu habari za vijiji vya mawe vilivyoko mashambani mwa Uingereza, na aya hiyo imetuletea barua nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumezichagua tano. Majina ya walioandika tumeyaacha, kwa kuwa baadhi yao wameomba iwe hivyo.

*Mimi ni mwalimu mstaafu. Mwezi Septemba nitakwenda kumtembelea binti yangu anayeishi Reading, naye anataka kunikatia tiketi ya basi la watalii linalozunguka vijiji sita kwa siku moja. Je, safari ya namna hiyo inafaa kwa mtu wa umri wangu? Lipo pia jambo jingine linalonisumbua: inakuwaje nyumba za miaka 600 ziwe zimesimama hadi leo na watu wanaishi ndani yake, ilhali nyumba ya marehemu babu yangu haikufikisha hata miaka 70? (Tanga)*

Shikamoo Mwalimu. Naomba nianze na swali lako la pili, maana likishaeleweka, la kwanza litajijibu lenyewe.

Vijiji vingi unavyoviona kwenye picha za kalenda vilijengwa kwa fedha ya kondoo. Kwa karne kadhaa sufu ya Uingereza, na baadaye vitambaa vilivyofumwa kwa sufu hiyo, ndiyo iliyokuwa bidhaa kubwa ya nchi hiyo katika masoko ya ng'ambo, na hata leo spika wa Baraza la Malodi hukalia mto mkubwa mwekundu uliojazwa sufu kama ukumbusho wa utajiri huo. Wafanyabiashara walionufaika waliijenga miji yao kwa mawe ya chokaa au kwa magogo ya mwaloni, vitu ambavyo mchwa na mvua havivimalizi upesi kama vinavyomaliza miti na udongo wetu. Katika mji mdogo wa Chipping Campden, ambao neno la kwanza la jina lake kwa Kiingereza cha kale lina maana ya soko, yumo tajiri mmoja aitwaye William Grevel, aliyefariki mwaka 1401 na kuzikwa kanisani chini ya bamba la shaba linalomsifu kuwa ni ua la wafanyabiashara wa sufu wa Uingereza nzima. Nyumba yake bado ipo katika barabara kuu ya mji huo. Lavenham, ulioko Suffolk upande wa mashariki, ulisifika kwa vitambaa vya rangi ya buluu, na katika miaka ya 1520 ulihesabiwa miongoni mwa miji 20 iliyolipa kodi kubwa zaidi nchini, ingawa ukiuona leo ni mji wa kuzungukwa kwa miguu kabla chai haijapoa. Nyumba zake zimepinda huku na huku kama wazee wanaoongea barazani, kwa sababu mbao zilitumika zikiwa mbichi na zikajikunja zilipokauka.

Kisha fedha ikahama. Lavenham ulishindwa na vitambaa vyepesi na vya bei nafuu vilivyofumwa na wakimbizi wa Kiholanzi katika mji wa Colchester, na vijiji vya kusini-magharibi navyo vikaachwa nyuma pale mashine zilipofuata maji na makaa ya mawe kule Yorkshire katika karne ya 18 na ya 19. Mwenye fedha hubomoa na kujenga upya. Asiyekuwa nayo huziba ufa na kuendelea kuishi. Kwa hiyo, Mwalimu, ni ufukara ndio ulioziponya nyumba hizo, hadi sheria ilipokuja kuzilinda katika karne ya 20. Siku hizi mtu anayemiliki nyumba iliyoandikishwa katika orodha ya majengo ya kihistoria hawezi kubadilisha hata fremu ya dirisha kwa hiari yake bila kuomba kibali, na wasomaji wetu wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hawahitaji kuelezwa usumbufu wa kibali cha namna hiyo.

Sasa turudi kwenye basi. Vijiji sita kwa siku moja maana yake ni kushinda garini, na kila kituo kupata dakika 40 ambazo nusu yake huishia katika foleni ya choo. Utapelekwa Bibury, ambako kuna safu ya nyumba za mawe iitwayo Arlington Row, iliyojengwa mnamo mwaka 1380 kuwa ghala la sufu na kugeuzwa nyumba za wafumaji katika karne ya 17. Ni safu nzuri kweli, lakini ndani yake wanaishi watu, na mwenye nyumba hunywa chai yake huku watu 30 wamejipanga mbele ya mlango wake na simu zao. Binafsi siipendi safari ya aina hiyo kwa kijana, sembuse kwa mzee anayependa kujua mambo.

Mwambie binti yako akupeleke Lacock, na siku nzima iwe ya Lacock tu. Kutoka Reading kuna treni ya moja kwa moja hadi Chippenham, safari isiyofika saa nzima, na kutoka hapo kuna basi la kawaida au teksi kwa kilomita chache zilizobaki. Karibu kijiji chote ni mali ya shirika la hisani la National Trust, ambalo lilikabidhiwa kijiji pamoja na jumba lake la kale na Bi Matilda Talbot mwaka 1944, na nyumba nyingi zimepangishwa kwa watu wanaoishi humo. Hutaona nyaya zilizoning'inia wala antena juu ya mapaa. Kutembea mitaani hakulipiwi; kiingilio ni cha jumba la abasia, ambayo ilianzishwa katika karne ya 13 na Bibi Ela, Kauntesi wa Salisbury, kwa ajili ya watawa wa kike, ikafungwa mwaka 1539 wakati Mfalme Henry wa Nane alipokuwa akizinyang'anya nyumba za watawa mali zao, kisha ikauzwa na kugeuzwa makazi ya tajiri.

Ukiingia humo, usiondoke kabla hujalitafuta dirisha moja. Si kubwa wala halina nakshi za kukushtua. Ni dirisha lililotokeza nje kidogo ya ukuta, lenye vioo vidogo vidogo vya umbo la almasi vilivyoshikwa kwa risasi. Mwezi Agosti 1835 mwenye jumba, William Henry Fox Talbot, aliweka mbele yake kisanduku cha mbao chenye lenzi na kipande cha karatasi kilichopakwa chumvi ya fedha, na mwanga ukaliandika dirisha hilo juu ya karatasi: penye mwanga pakawa peusi, penye giza pakawa peupe. Karatasi hiyo, ambayo ukubwa wake haupiti sana stempu ya barua, ndiyo negativu ya kwanza ya kamera iliyobaki duniani. Talbot mwenyewe aliandika kwamba ilipokuwa mpya vioo vyake, vipatavyo 200, viliweza kuhesabiwa kwa msaada wa lenzi. Simama hapo, Mwalimu, uvihesabu. Karatasi yenyewe imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa, ila dirisha liko pale pale.

Kwa umri wako, zingatia kuwa barabara za ndani hazijanyooka na vijia vina mawe, hivyo vaa viatu vyenye soli ya kushika. Mwishoni mwa Septemba jua huzama mnamo saa moja jioni, na mabasi ya vijijini hukatika mapema zaidi ya hapo. Niliwahi kulikosa basi la mwisho kwa uzembe wangu mwenyewe na kulipa teksi zaidi ya nauli ya treni.

*Ninaishi Leicester na wanangu wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine kumi na miwili. Hatuna gari. Nataka wakione kijiji cha kale ambacho kina kisa cha kusimuliwa, kwa sababu nyumba tupu zitawachosha baada ya nusu saa. Unanishauri wapi? (Leicester)*

Mama, wapeleke Eyam, katika milima ya Derbyshire. Treni ya kutoka Leicester hadi Sheffield hutumia kama saa moja, na Sheffield kuna basi linalopandisha milimani hadi kijijini. Ukinunua kadi ya punguzo ya familia, nauli ya treni ya watoto hupungua kwa zaidi ya nusu, na yako kwa theluthi moja, isipokuwa katika saa fulani za asubuhi za siku za kazi. Angalia ratiba ya basi la kurudi kabla hujaondoka nyumbani, hasa ukichagua siku ya Jumapili.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 1665 mshonaji wa kijiji alipokea furushi la nguo kutoka London, ambako tauni ilikuwa ikiua maelfu. Nguo zilikuwa na unyevu, zikaanikwa mbele ya moto, na inaaminika kuwa viroboto waliokuwa ndani yake ndio walioleta maradhi. Msaidizi wa mshonaji, George Viccars, alifariki baada ya siku chache, na wengine wakamfuata. Majira ya kiangazi yaliyofuata, kasisi kijana William Mompesson, pamoja na Thomas Stanley, kasisi wa zamani aliyekuwa ameondolewa madarakani kwa msimamo wake wa dini, waliwashawishi wanakijiji wasikimbie, wajifungie ndani ya mipaka yao ili maradhi yasisambae katika miji ya jirani. Walikubali. Hadi tauni ilipokwisha mwishoni mwa mwaka 1666, watu wapatao 260 walikuwa wamekufa, akiwemo Catherine, mke wa kasisi Mompesson. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alimzika mumewe na watoto sita katika muda wa siku nane, kwa mikono yake mwenyewe, karibu na shamba lao, na makaburi hayo yamezungushiwa ukuta mdogo wa mawe.

Watoto wako watakachokumbuka, nadhani, ni jiwe la mpakani. Liko katika njia ya miguu inayoteremka kuelekea Stoney Middleton, ni jiwe la kawaida lenye matundu sita juu yake. Wanakijiji walijaza siki katika matundu hayo na kutumbukiza sarafu ndani yake, wakiamini kuwa siki huua sumu ya maradhi, na watu wa nje waliacha chakula pale, wakachukua malipo na kuondoka bila kuonana uso kwa uso. Mwache mwanao mdogo aingize kidole tunduni. Kingo zake zimelainika. Kijijini penyewe, mbele ya baadhi ya nyumba, kuna vibao vyenye majina ya waliokufa humo. Soma jina moja moja, wala usiwaharakishe.

Wapo wanahistoria wanaohoji kama kujifungia huko kulisaidia au kuliongeza vifo ndani ya kijiji, na mwanao wa miaka kumi na miwili, aliyeishi utotoni kipindi cha korona, huenda akawa na maoni yake. Makumbusho ya kijiji hufungwa sehemu ya mwaka, kwa hiyo hakikisha kwanza.

*Mimi na mume wangu, pamoja na mama mkwe, tutakuwa Uingereza mwezi Juni na tunapanga kulala usiku mbili katika kijiji cha Cotswolds, lile eneo la vilima kusini-magharibi mwa Uingereza. Wasiwasi wetu ni chakula halali na sala. (Mombasa)*

Dada yangu, chakula kipo, ila lazima uulize. Kijijini mahali pa kula mara nyingi ni baa yenyewe, ambayo ina sehemu ya familia na haimlazimishi mtu kunywa pombe. Unaagiza na kulipa kaunta, kisha unaletewa mezani. Jiko la mchana hufungwa mnamo saa nane au saa nane na nusu, na ukifika saa tisa utaambiwa kwa upole usubiri hadi jioni. Nyama halali usiitarajie. Samaki wa kukaanga wanaonekana salama, lakini unga wanaochovywa mara nyingi hukorogwa kwa bia, basi omba wa kuchoma. Alasiri mtapata skonzi kwa jemu na malai mazito, na mama mkwe atafurahia kusikia kuwa watu wa Devon na wa Cornwall hawajapatana hadi leo kipi kinatangulia kupakwa. Chai italetwa na maziwa baridi pembeni. Akitaka ya kuchemshwa kwa tangawizi, afungashe tangawizi yake.

Katika nyumba za kulala wageni, mwarifuni mwenye nyumba siku moja kabla kwamba hamli nguruwe, kwa sababu soseji na bekoni ndizo kifungua kinywa chao cha kawaida, na mara nyingi hukaangwa kikaango kimoja na mayai. Misikiti haipo vijijini, lakini ipo Cheltenham, Gloucester na Bath. Kumbukeni tu kwamba mwezi Juni jua huzama mnamo saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo Magharibi na Isha zitawakuta macho mazito, na Alfajiri itawahi kupita kiasi.

*Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi kutoka Bujumbura, nasoma Bristol. Nilitoka na mwenzangu kutembea kijijini, tukafuata kijia kilichokatiza katikati ya shamba la ngano. Mkulima akatupigia kelele kutoka mbali, nasi tukakimbia. Je, tulivunja sheria? (Bristol)*

Marahaba kijana. Ikiwa mlikuwa juu ya njia iliyosajiliwa, mlikuwa na haki kamili ya kuwapo, hata kama ngano ya mtu inaota kulia na kushoto kwenu. Uingereza na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za umma, nyingi zikipita katika mashamba ya watu binafsi. Ni vijia vya zamani vya kwendea kanisani, kinuni na sokoni, ambavyo sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri kuvichora katika ramani rasmi. Haki hizo hazikuletwa kwenye sinia. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wa viwandani walipanda mlima wa Kinder Scout, uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri, na watano kati yao wakafungwa jela.

Mshale wa manjano kwenye nguzo ni njia ya watembea kwa miguu. Wa buluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Nunua ramani ya Ordnance Survey yenye jalada la rangi ya machungwa, ambamo njia hizo zimechorwa kwa vistari vya kijani, na ufunge kila lango unalolikuta limefungwa. Mkipotea mkakanyaga mazao, mkulima ana haki ya kukasirika, na inawezekana hilo ndilo lililomfanya apige kelele. Inawezekana pia alikuwa anawaonya kuhusu ng'ombe wenye ndama, ambao kwa kweli ni hatari. Sitakuficha kwamba vijijini mtu mweusi hutazamwa mara mbili. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuwahi kusalimia, kwa kuwa kijijini, tofauti na London, salamu hurudishwa. Vaa gambuti wakati wa mvua. Tope la huko halina huruma na raba nyeupe.

*Je, katika vijiji hivyo vyote, kuna hata kimoja kinachotuhusu sisi? (Bagamoyo)*

Vipo, ndugu yangu, na kimojawapo kiko jirani na Lacock tuliyomshauri Mwalimu. Katika mashamba ya Neston, kilomita chache tu kutoka hapo, John Hanning Speke alikufa tarehe 15 Septemba 1864. Huyu ndiye aliyefika Mwanza mwaka 1858 na kulipa ziwa la Nyanza jina la malkia wake. Alikuwa akiwinda kwale, akawa anaupanda ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake ikafyatuka na kumpiga kifuani, siku moja kabla ya mjadala uliopangwa Bath baina yake na mwenzake wa safari, Richard Burton, kuhusu chanzo cha mto Nili. Amezikwa katika kanisa la Dowlish Wake, kijiji kidogo cha Somerset, na familia yake iliruhusiwa kuongeza mamba na kiboko katika nembo yake. Stesheni ya karibu ni Crewkerne. Kutoka hapo panga teksi mapema.

Mimi, hata hivyo, ningeanza na Twywell, kaskazini mwa London, karibu na Kettering. Unakumbuka kwamba mwili wa Livingstone ulifikishwa kwenu Bagamoyo mwezi Februari 1874 ukiwa umebebwa kwa miguu kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na kwamba walioongoza msafara huo walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Hawakupata nafasi ya kusafiri na mwili wala kuwahi mazishi ya London. Waliletwa Uingereza baadaye mwaka huo huo, wakakaribishwa katika jumba la Newstead, karibu na Nottingham, na kwa Horace Waller, aliyekuwa kasisi wa Twywell, ambaye alikuwa akizitayarisha kwa uchapishaji shajara za mwisho za Livingstone. Maandishi yalikuwa yamefifia na mengine hayakusomeka, na wao ndio waliokuwa wakimweleza ni mto gani, ni chifu gani, ni siku gani ya mvua. Kitabu kilitoka mwishoni mwa mwaka 1874 kikiwa na maelezo yao ndani yake.

Newstead hufunguliwa kwa wageni na ina bustani kubwa. Twywell haina duka la zawadi wala basi la watalii. Ina kanisa la mawe na nyumba chache. Makanisa mengi ya vijijini huweka kitabu cha wageni karibu na mlango. Ukikikuta, andika kwa Kiswahili, na useme umetoka Bagamoyo.